Padre wa Kijijini na Kengele Yake

Sogeeni karibu na redio. Mwenye karatasi ya somo afuate maneno kwa kidole.

Wewe ukaaye Katindiuka, karibu na Ifakara, waijua sauti ya kengele ya kanisa. Kwa desturi ya Wakatoliki hulia saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Padre huamka kabla yake. Akiisha kusoma misa, huenda kigangoni kwa pikipiki au baiskeli. Huko kuna mgonjwa, kuna maziko, kuna mume na mke waliogombana. Mpunga ukianza kuiva, watu huhamia madunguni kulinda ndege. Kengele haifiki huko, basi padre huwafuata mashambani, matope hadi magotini.

Je, kengele huvutwa na nani? Mara nyingi si padre, ni mtoto aliyetumwa. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kengele yenye mdomo wa upana wa mita 1 ina uzito wa kilo 600 hivi, sawasawa na magunia 6 ya kilo 100. Uzito huo wote umebebwa na boriti. Bonde letu lina mvua nyingi, na mchwa hawachoki. Boriti yaweza kuonekana nzima kwa nje, na ndani ni unga mtupu. Ichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, kengele isipigwe mpaka fundi aje. Tazama pia nati zilizolegea, na ule ulimi unaogonga ndani. Ukikatika, huanguka kama nyundo.

Tena, usijifunge kamba mkononi. Kengele kubwa ikipinduka, kamba hupaa juu, nayo humchukua mtoto. Kamba ikipaa, iachie.

Sasa habari ya radi. Zamani huko Ulaya watu walidhani kengele huifukuza radi. Mawingu yakitanda, wakakimbilia kamba, na wengi wakafa wameishika. Mwaka 1752 majaribio aliyoyabuni Benjamin Franklin wa Marekani yalionyesha kwamba radi ni umeme. Hupenda kupiga kitu kirefu, kama mnara au mti. Kamba iliyolowa huuleta umeme hadi mkononi. Hata ile rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni kigangoni si salama, kwa maana mwembe wenyewe ni mrefu. Ukisikia ngurumo, acha kengele, ingia nyumbani, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Misa ikichelewa, padre hatakasirika. Na akikasirika, mwambie umesikia redioni.

Mnara hufaa uwe na kinga ya radi, yaani waya mnene wa shaba utokao juu kabisa hadi ndani ya ardhi.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: boriti, ulimi, kamba, mchwa, radi. Kisha jibuni kwa sentensi moja: Kwenu, ni nani aliyeichoma boriti kwa kisu mwaka huu?