Kinywe cha Ruangwa na Mianga Miwili

Sugua kipande cha kinywe cha Ruangwa kati ya kidole gumba na cha shahada: kinateleza kama kilichopakwa mafuta, kisha kinaacha weusi unaong'aa. Utelezi huo unatokana na matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama kurasa za daftari, yakiachana kwa takriban nanomita 0.335. Betri ya lithiamu inapochajiwa, lithiamu hupenya humo na kuyatanua hadi karibu nanomita 0.37. Ubora wa kinywe cha betri ni kurasa hizo kufunguka na kufunga mara maelfu bila kuchanika, na jambo hilo mizani ya gunia haiwezi kulipima.

Kuliona kunahitaji eksirei kali, nazo hupatikana kwa njia mbili. Katika sinkrotroni, elektroni huzunguka kwenye duara na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa mwanga. Makumi ya watafiti huutumia kwa wakati mmoja, na betri inaweza kutazamwa kwa saa nzima ikijaa. Leza ya elektroni huru hupitisha elektroni katika mstari mnyoofu, zikiyumbishwa na safu za sumaku mpaka zitoe mwanga kwa pamoja, kama wapiga makasia waliopata mwendo mmoja. Mmweko wake hudumu femtosekunde chache tu, muda wa kunasa atomu zikitikisika, ingawa mara nyingi sampuli huteketea. Duara linaonyesha safari ya lithiamu, leza inaonyesha hatua moja ya safari hiyo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kushindanisha mitambo hii. Huko Japani, kiongeza kasi cha leza ya SACLA ndicho sasa kinacholisha elektroni duara la SPring-8, lenye mzingo wa mita 1,436. Kituo cha MAX IV cha Lund, Sweden, kilichozinduliwa 2016, hutumia kiongeza kasi kimoja kulisha maduara mawili na kituo cha mimweko mifupi. Leza kamili huko ilibaki kuwa hatua ya baadaye.

Mkulima wa ufuta wa Chunyu, huko huko Ruangwa, ana haki ya kuuliza: yote haya ya nini? Kumbukumbu ya Nachingwea inampa nguvu. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulileta huko matrekta na reli, ukavunjwa 1951. Lakini pale mashine zilitangulia vipimo vya udongo na mvua. Hapa tunazungumzia vyombo vya kupimia. Pingamizi la gharama ni zito zaidi, maana kiongeza kasi kirefu ni ghali kuliko kidogo cha kulisha duara tu, na leza huhudumia watu wachache. Afrika, ambayo wanasayansi wake walikutana Grenoble Novemba 2015 kudai chanzo chao cha mwanga, bado haina hata sinkrotroni moja. Basi chanzo hicho kikijengwa, duara litangulie, ila kiongeza kasi kichorwe kikiwa na mita mia kadhaa za ardhi tupu mbele yake. Kutenga ardhi hiyo kabla ya msingi kumwagwa ni rahisi kuliko kubomoa ukuta baadaye.