Debe au Ndoo? Mkulima Apunjwa
Debe tulilorithi enzi za ukoloni lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa wenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza. Galoni hiyo ni lita 4.546, kwa hivyo debe ni lita 18 na ushei. Ndoo ya plastiki, nayo, ni ya lita 20. Mchuuzi anunuaye maharagwe kwa bei ya debe, huku akipima kwa ndoo, hujiongezea karibu lita 2 kila mara. Katika ndoo 10, mkulima hupoteza debe zima!

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini nauliza, kibaba cha nani? Nawasihi wakulima wadai mizani, au wakubaliane idadi ya lita kabla ya gunia kufunguliwa.