Lenzi moja kwa kazi zote: usikubali ikutembeze



Wengi kati yenu mmenunua apareyi ya foto ya kidijitali, ile kubwa yenye kioo ndani, ambayo lenzi yake yaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Mmoja anataka kupiga foto za ndoa na ubatizo siku za mapumziko, aongeze kidogo juu ya mshahara. Mwingine ni delege wa usalama, na mkubwa wake amemwomba alete foto za mahali penye hatari. Wote wanauliza swali moja: nikiwa na feza ya kununua lenzi moja tu, ninunue ipi?

Pengine utashangaa kuona swali hili katika ukurasa wa usalama na afya. Sikiliza kwanza habari hii.

Fundi mmoja niliyetumika naye zamani katika ateliye alikuwa na apareyi nzuri, na juu yake lenzi ya milimita 50, ile fupi isiyovuta. Siku mzee wetu mmoja alipokwenda pensheni, tulijipanga watu kumi mbele ya mashine kwa ukumbusho. Fundi akatazama ndani ya apareyi, akaona wawili wa pembeni hawaingii. Akarudi nyuma hatua moja. Bado. Akarudi tena, jicho moja kwenye apareyi, la pili amelifunga. Nyuma yake palikuwa na shimo la kukagulia magari, halikufunikwa. Alianguka humo kwa mgongo. Apareyi haikupata kitu. Yeye alivunjika nyonga, na miezi minne hakutumika.

Ripoti ilisema kosa ni shimo lisilofunikwa, na hiyo ni kweli kabisa. Lakini kosa la pili halikuandikwa: lenzi ile ilimlazimisha kutembea.

Namba za milimita maana yake nini?

Kila lenzi imeandikwa namba mbele yake. Namba ndogo, kama 18, inaona pana. Namba kubwa, kama 135, inaona pembamba lakini inavuta kitu cha mbali. Lenzi yenye namba mbili, kwa mfano 18-55, ni zumu: unazungusha pete, nayo inatoka upana hadi kuvuta. Lenzi yenye namba moja tu haivuti wala haipanui. Hapo miguu yako ndiyo zumu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Katika apareyi nyingi za bei ya kawaida za Canon, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga kina upana wa milimita 22 hivi (kwa Nikon kinazidi kidogo, karibu 23 na nusu). Chukua upana wa kitu unachotaka kupiga, zidisha kwa milimita za lenzi, kisha gawanya kwa 22. Utapata umbali wa kusimama. Watu kumi waliojipanga katika upana wa mita 4, kwa lenzi ya 50, wanadai usimame mita 9. Kwa lenzi ya 18, mita 3 na kidogo zatosha. Ni ateliye gani yenye mita 9 tupu nyuma ya mgongo wako?

Hatari yaweza kuja kwa upande mwingine pia. Delege anataka foto ya kamiyo kubwa ya kubeba mawe, yenye urefu wa mita 10, akiwa na lenzi inayoona pana peke yake. Kwa 18, shurti asogee hadi mita 8. Na dereva aliye juu kule katika kabini aweza asimwone kabisa mtu aliye karibu hivyo. Kwa lenzi inayofika 135, delege huyo atasimama mita 60, nyuma ya ukuta wa udongo, na kamiyo itajaa vilevile katika foto.

Ndiyo sababu tunasema: kwa mtu wa mgodi, chagua lenzi inayokuacha usimame pahali ulipochagua wewe, si pahali inapotaka yenyewe.

Ipi basi?

Jibu letu ni zumu inayoanzia 18 na kufika 135 au 140. Canon ilitoa yake ya 18-135 yenye herufi STM mwaka 2012, na Nikon ikatoa ya 18-140 mwaka 2013. Kila moja ina uzito wa karibu nusu kilo, na zote mbili zina chombo ndani cha kutuliza mtikisiko wa mikono. Viwanda hivyo leo vinatia nguvu zaidi katika apareyi zisizo na kioo ndani, kwa hiyo hizi zetu na lenzi zake zapatikana nyingi zilizokwisha kutumika, kwa bei ambayo mtu aweza kuzungumza.

Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na apareyi si mbaya. Ni nyepesi, ni rahisi, na kwa sherehe za nyumbani inatosha. Ikiwa ndiyo unayo, usiitupe. Ila kwa kamiyo yetu ya mita 10, hata ukiivuta hadi mwisho itakupeleka mita 25. Nayo ile ya 18-200 au 18-300? Inavuta sana, lakini ni nzito shingoni na ni ghali zaidi, na mara nyingi ule mvuto wa mwisho hauna ukali wa kutosha. Mimi nisingeinunua kwa feza ya mtoto wa shule.

Kuna udhaifu mmoja wa zumu hizi, na tusiufiche: hazipendi giza. Zikivutwa, tundu la mwanga linafikia 5.6 tu. Lenzi fupi yenye 1.8 inapokea mwanga karibu mara kumi zaidi. Umeme ukikatika jioni, na wewe unataka foto ya mtoto akicheza kando ya mshumaa, zumu itakupa ukungu. Chombo cha kutuliza mikono hakimtulizi mtoto. Kama siku moja utapata feza ya lenzi ya pili, nunua ile ya milimita 35 yenye 1.8, au hata ile 50 ya fundi wetu. Itumie nyumbani, pahali unapojua sakafu yako.

Kabla ya kutoa feza

Uliza kwanza jina la apareyi yako, kwa sababu lenzi ya Canon haiingii katika Nikon, wala ya Nikon katika Canon. Wenye Nikon za familia ya D3000 na D5000 wawe macho: apareyi hizo hazina mota ya kutafuta ukali. Lenzi ya zamani yenye herufi AF peke yake itaingia vizuri, lakini utazungusha kwa mkono kila mara. Tafuta herufi AF-S. Wenye Canon, jueni ya kwamba lenzi ya EF-S haiwezi kupanda juu ya apareyi kubwa zenye kibati cha milimita 36.

Omba lenzi mkononi, uitazame kwa tochi kutoka upande wa nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya masika. Usinunue hata ukipunguziwa nusu. Chembe mbili tatu za vumbi si kitu. Zungusha pete ya zumu taratibu. Ikisaga kama mchanga katika meno, imekula vumbi la mgodi wa mtu mwingine.

Vumbi, jicho na baruti

Usibadilishe lenzi ndani ya kariere, wala kando ya mashine ya kuvunja mawe. Hii ni faida nyingine ya kuwa na lenzi moja: haitoki. Toka Mei hadi Oktoba vumbi letu la Katanga linaingia kila tundu. Usisafishe apareyi kwa upepo wa kompresa wa ateliye; upepo ule unatupa chembe machoni, na ukielekezwa kwenye ngozi unaweza kuingia mwilini. Tumia kipuliza kidogo cha mpira, kisha burashi laini, kitambaa mwishoni kabisa. Ukianza na kitambaa unakwaruza kioo.

Mama, mfuko wa apareyi uliotoka kazini usikung'utwe jikoni wala penye kitanda cha mtoto. Upanguswe nje kwa kitambaa chenye maji, kisha mikono ioshwe. Vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu, na halichagui kama limekuja kwa nguo au kwa mfuko wa foto.

Kwa jicho: katika apareyi hizi unatazama kupitia lenzi yenyewe. Usielekeze kwenye jua huku unatazama, hasa lenzi ikiwa imevutwa, kwani inakusanya moto wa jua ndani ya jicho lako. Mwali wa soda nao usiutazame namna hiyo. Mpige fundi wa soda foto kabla hajawasha, au simama nyuma ya pazia la kinga.

Kwa baruti: apareyi nyingi za siku hizi zinatuma foto kwa redio hadi kwenye simu. Hiyo redio, pamoja na simu yenyewe, haina nafasi karibu na detonateri za umeme. Izime, uiache pahali mkubwa wa baruti atakapoonyesha. Na popote ndani ya mipaka ya kazi, omba ruhusa kwanza. Delege pia aombe.

Kisha miguu. Simama, tazama nyuma, tazama kushoto na kulia kwa macho mawili, halafu ndipo uinue apareyi. Ukitaka kuhama, ishushe hadi kifuani, tembea, simama tena. Foto haipigwi wakati unatembea. Kama pahali ni pabaya, mwenzako asimame karibu yako, macho yake barabarani na si kwenye watu wanaocheka.

Nyuso za watu

Mtoto wa Lubumbashi Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, anajulikana kwa mfululizo wa foto unaoitwa Mémoire, wa mwaka 2006. Alichukua wafanyakazi kutoka katika foto za zamani za Union Minière, akawasimamisha juu ya foto alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyobaki magofu. Mashine zimekufa, watu wangali wanakutazama. Basi ukipiga foto ya kazi, usijaze mitambo tu. Vuta zumu hadi 70 au 80, umpige mwenzako uso na mabega. Kwa 18 ukimkaribia sana, pua yake itavimba na hatakushukuru. Na katika foto ya kundi, usimweke mzee mnene pembeni kabisa, maana upana wa 18 utamnenepesha zaidi.

Foto ya yule mzee wetu wa pensheni ilipigwa baada ya miezi mitano, uani kwake, kwa zumu ya kuazima. Aliyepiga aliegemea ukuta, hakurudi nyuma hata hatua moja. Watu kumi wote waliingia, na fundi akiwa katikati juu ya kiti, mkongojo magotini.