Wapenzi wa Vitabu wa Kwale na Jirani Yao wa Tanga

Mtu avukaye kwa feri ya Likoni na kushika barabara ya kusini hupita Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, na baada ya mwendo wa karibu kilomita 100 hufika Lunga Lunga, ambapo huonyesha hati zake za safari na kuvuka mpaka. Ng'ambo ya pili husikia Kidigo kile kile alichokisikia Ukunda, huona minazi ile ile, na akiendelea kilomita 60 na kitu hufika Tanga. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ukaanzia mlango wa mto Umba karibu na Vanga. Wenyeji hawakuulizwa. Ndugu wakawa na serikali mbili, lakini ngoma, harusi na mashairi hayakujua kwamba kuna mpaka, na ndiyo sababu mpenzi wa vitabu wa Kwale humhesabu marehemu Shaaban Robert kuwa jirani yake wala si mgeni.

Jambo hilo linafaa kutazamwa kwa makini, maana Shaaban Robert hakuwa mtu wa chuo kikuu, wala hakuwa tajiri mwenye nafasi ya kukaa barazani na kalamu tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa karani. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 mpaka 1926, na masomo yalipokwisha akaajiriwa katika idara ya forodha, akakaa humo mpaka mwaka 1944, sehemu ya muda huo akiwa Pangani. Karani ye yote aliyepata kukaa Vanga au Shimoni aijua kazi ya namna hiyo: jahazi linatia nanga, shehena inateremshwa, vifurushi vinahesabiwa, ushuru unaandikwa, na mtu mwenye shehena anabisha juu ya kila senti. Jioni ikifika vidole vina wino na kichwa kina tarakimu. Watu wengi wakifika hapo husema ya kuwa siku imekwisha. Kwa Shaaban siku ya pili ndipo ilipoanza.

Alisoma nini? Jibu moja limo katika kazi zake mwenyewe. Mwaka 1952 ilitokea tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam, yule mtaalamu wa hesabu na nyota wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka 800 kabla yake. Shaaban hakuyatoa katika Kiajemi. Aliyatoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye kitabu chake kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1859. Basi Mwajemi aliimba, Mwingereza akamsoma, na karani wa Tanga akamsoma Mwingereza, akamleta Mwajemi pwani kwa vina vya Kiswahili. Mtu hawezi kufasiri shairi alilolisoma mara moja tu. Hulisoma akiwa amechoka, hulisoma tena akiwa na nguvu, hulala nalo, hulibishia. Tena kitabu chenyewe kinazungumza juu ya ufupi wa maisha na juu ya wapendwa wanaoondoka, na Shaaban alikuwa na sababu zake za kukielewa.

Sababu hizo amezieleza katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949. Ameeleza humo habari za mkewe Amina, jinsi walivyopendana na jinsi kifo kilivyomchukua. Juu ya msiba huo alitunga shairi linaloitwa kwa jina lake, na hata leo wako wazee wa Msambweni na Diani wanaoliweza kwa moyo, ingawa hawakupata kukimiliki kitabu. Mtu aliyefiwa hapungukiwi watu wa kumwambia avumilie. Lakini shairi la Amina limependwa kwa kuwa halimwambii msomaji neno hilo upesi upesi. Kwanza linamlilia mtu mmoja, mwenye jina.

Baada ya kilio lilibaki swali ambalo kila mjane wa kiume analijua: watoto wataleleweje? Hapo Shaaban alifanya jambo la mtu wa vitabu. Alimwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Hakuvumbua njia mpya. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa marehemu Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa mawaidha, na utenzi huo ukaenea pwani nzima kwa nakala za mkono. Shaaban aliusimamisha utamaduni huo mahali pengine kidogo. Katika utenzi wa zamani anayesema ni mama anayekaribia kuondoka. Katika huu anayesema ni baba aliyebaki, naye anajaribu kuijaza nafasi ya mama kwa beti. Aliyesoma tenzi hizi mbili pamoja ataona tofauti hiyo ina uzito wake. Ataona pia kwamba baadhi ya mashauri ya baba huyo yamezeeka, na wasichana wa shule wa Kwale hawaoni haya kuyapinga darasani. Utenzi unaoweza kupingwa na msichana wa miaka 15 haujafa.

Katika nyumba nyingi za Kwale kitabu cha kwanza ni msahafu, na hukaa mahali pa juu, pamefunikwa kwa kitambaa. Mtoto hujifunza herufi zake chuoni kabla ya kwenda shule, na mara nyingi mwenye sauti nzuri ya kusoma ni mama au nyanya. Vitabu vya Kiswahili huja baadaye navyo hupata mahali pa chini zaidi: sanduku la bati chini ya kitanda, au rafu ya mbao ya mwembe ukutani. Maadui zao ni wengi. Mchwa hupanda ukutani usiku mmoja na kula kurasa kutoka nyuma, hata mwenyewe akikitwaa kitabu hukuta jalada zima na ndani udongo. Masika huleta ukungu, hasa kwa walio karibu na bahari. Wale wa Kwale mjini, juu ya Milima ya Shimba, wana ukungu wao wa asubuhi. Wengine hutia majani makavu ya mwarobaini kati ya kurasa. Lakini hakuna mwarobaini wa kumzuia rafiki aazimaye kitabu kwa siku mbili na kukaa nacho tangu masika mpaka vuli.

Zamani mashairi hayakungoja kitabu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na Shaaban alikuwa mmoja wa watungaji waliolipelekea beti zao. Mwaka 1939 Nairobi nayo ikapata gazeti la Baraza. Nakala moja ilikuwa ya watu wengi: ajuaye kusoma alisoma kwa sauti, wasiojua wakasikiliza, na shairi zuri likarudiwa mpaka likashikwa. Magazeti hayo yote mawili yamekoma. Shirika la vitabu la serikali za Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948 lilichapisha na kueneza vitabu kwa bei nafuu, na mwaka 1965 Kenya iliunda kwa sheria bodi ya maktaba za taifa. Hayo yalisaidia, ingawa mkulima wa Kinango, mbali na barabara ya lami, hakuona tofauti upesi.

Wakati wa vita vya mwaka 1939 mpaka 1945 Shaaban hakwenda Abisinia wala Burma. Habari zilimfikia kama zilivyomfikia karani mwingine, vipande vipande. Akavikusanya vipande hivyo akavitia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000. Ni kazi ndefu mno, na msomaji mwaminifu atakiri kwamba kuna mahali panapochosha. Walakini huo ni ushahidi wa mtu asomaye habari kwa bidii, asiyekubali kwamba mambo ya dunia ni ya wakubwa peke yao. Tena mtu huyo huyo baadaye alikwenda kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, akaandika wasifu wake. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Mpenzi wa vitabu mwenye kiburi angempita. Shaaban alimwona kuwa ni kitabu kilichokuwa hakijaandikwa.

Kitabu chake kinachozungumzwa zaidi na wakulima ni Utubora Mkulima. Utubora ana kazi ya mshahara mzuri mjini. Anaiacha kwa hiari yake, anakwenda shamba katika kijiji cha Busutamu, na huko anapata amani. Mtu akikisoma kitabu hiki Nairobi huweza kukiona ni ndoto tamu. Kusini ya Kwale husomwa kwa njia nyingine. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilisimama mwaka 1988, na watu waliokuwa wameshika kalamu, mizani na mashine humo walijikuta na jembe mkononi bila kuchagua. Kwao shamba halikuwa Busutamu. Karo ya shule ililipwa kwa nazi na korosho, na bei ya korosho haina huruma. Hivyo wako wasomaji wanaosema kwamba Shaaban aliufanya ukulima kuwa mwepesi kupita kiasi. Wengine hujibu kwamba hakuandika juu ya faida ya shamba, bali juu ya mtu asiyeuza heshima yake kwa mshahara, na kwamba aliyefukuzwa na njaa ya kazi huhitaji heshima hiyo kuliko aliyeondoka kwa hiari. Ubishi huu una haki pande zote mbili. Lakini wa kwanza wana ushahidi mikononi mwao, katika sugu.

Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, ni kitabu cha namna nyingine. Humo kijana Karama anashtakiwa kwa kuwa amewafundisha watu uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakalipwa gereza. Mwandishi alikuwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni, katika ofisi ya jimbo la Tanga. Nchi ya Kusadikika imewekwa angani, isiyo na ramani. Mwaka uliofuata mwandishi mwenyewe akahamia idara ya upimaji ramani, ambako alifanya kazi mpaka mwaka 1960.

Heshima hakukosa. Alipata nishani ya Margaret Wrong na nishani ya M.B.E., na alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Fedha ni jambo lingine. Kuandika hakukumtoa katika meza ya ukarani mpaka alipostaafu, na katika miaka ya mwisho alichapisha baadhi ya kazi zake mwenyewe, kwa jina la Art and Literature, badala ya kuwangojea wachapishaji wa mbali. Alifariki Juni 1962, umri wake miaka 53, Tanganyika ikiwa na miezi 6 tu ya uhuru. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa bado haijapata kitabu. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, ingawa ilikuwa imeandikwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kufa kwake. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatoka mwaka 1968. Mtungaji hakuziona.

Na yako maandishi yake mengine, ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya mchapishaji. Tangu mwaka 1931 alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na aliendelea mpaka mwaka 1958. Zimo habari za jamaa, maradhi, kazi, fedha zilizopungua, na miswada iliyotumwa. Kwa muda wa miaka 27 barua hizo zilifika moja moja, na ndugu huyo, badala ya kuzisoma na kuzitupa, alizitunza mahali pakavu, mbali na mchwa. Zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mwandishi, na nakala zake chache zilizovuka Horohoro zinaendelea kuazimwa.