Kagua injini ikiwa baridi kabla ya kununua gari kuukuu la dizeli

MNUNUZI anayefika kukagua gari kuukuu la dizeli na kukuta injini tayari inanguruma amekwisha kupoteza nusu ya ukaguzi wake.

Injini ya dizeli iliyochakaa huweza kuficha maradhi yake ikishapata moto. Ikiwa baridi, haina pa kuyaficha. Ndiyo maana mafundi wenye tajriba hushauri kwamba mwenye gari aarifiwe mapema asiliwashe, na mnunuzi aweke kiganja juu ya boneti kabla ya mazungumzo yoyote ya bei. Boneti ikiwa na joto, ni heri arudi siku nyingine.

Ushauri huu una uzito zaidi kwa magari makubwa yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, mathalan Toyota Land Cruiser Prado na Mitsubishi Pajero. Wakenya wengi huyatamani kwa sababu ya barabara mbovu na safari za mashambani, na aghalabu huyanunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo unaolipwa kwa miaka kadhaa. Injini ikifa mwezi wa tatu, mkopo haufi nayo.

Jambo la kwanza ni kufungua kifuniko cha rejeta. Hili lisifanywe kamwe injini ikiwa moto. Utando wa mafuta juu ya maji huashiria kwamba gasketi ya silinda imeungua au kichwa cha injini kimepasuka. Injini ya 1KZ-TE, iliyokuwa katika Prado za mwishoni mwa miaka ya 1990, inajulikana na mafundi kwa kupasuka kichwa baada ya kuchemka.

Kisha kijiti cha kupimia oili kivutwe. Weusi wa oili si kasoro, kwa kuwa dizeli huichafua mapema. Kinachotisha ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo imechanganyika na maji.

Ndipo ufunguo ugeuzwe. Taa ya plagi za kupasha joto inapaswa kuwaka na kuzimika, na baadaye injini iwake katika muda wa sekunde chache bila kulazimishwa.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi unaodumu huonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, pengine kwa sababu ya kichujio kilichoziba au nozeli zilizochakaa. Wa samawati ni wa oili inayoungua, na lawama huwa ni ya ringi za pistoni au tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mweupe ukionekana kwa dakika moja asubuhi ya baridi kule Limuru si ajabu, lakini usipokoma, huenda ni dizeli isiyoungua au maji yanayopenya ndani ya silinda.

Injini ikiwa bado inanguruma polepole, kifuniko cha kutilia oili kilegezwe. Mvuke kidogo ni wa kawaida. Kifuniko kikirukaruka kama cha sufuria inayochemka, basi gesi inapenya kando ya pistoni na injini hiyo inakaribia kufunguliwa yote.

Hapa nchini kuna hatari nyingine inayotokana na mafuta yenyewe. Wafanyabiashara walaghai walichanganya dizeli na mafuta taa kwa miaka mingi, hata serikali ikaanzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuondoa faida ya ulaghai huo.

Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta taa hayaifanyi kazi hiyo ipasavyo, na vyuma hukwaruzana. Katika injini za kisasa kama 1KD-FTV ya Prado zilizofuata, mafuta hupulizwa kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara 1,000. Mkwaruzo mdogo tu hutosha kuharibu nozeli, na nozeli nne mpya zinaweza kumgharimu mnunuzi fedha nyingi kuliko alizookoa katika kupatana bei.

Aidha, katika injini hiyo washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia katika oili na kuziba chujio la pampu. Injini hukosa oili na kujisaga. Kwa hivyo ni muhimu fundi wa dizeli mwenye kompyuta apime kila nozeli, na mnunuzi adai kujua ni lini washa hizo zilibadilishwa.

Swali jingine ni la mkanda wa taimingi. Injini hizo mbili hutumia mkanda unaopaswa kubadilishwa gari likifikisha kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kulingana na injini. Ukikatika, pistoni hugongana na vali. Muuzaji asipokuwa na risiti, ichukuliwe kwamba haujabadilishwa na gharama yake iondolewe katika bei.

Prado zilizoanza kuundwa mwaka wa 2015 zikiwa na injini ya 1GD-FTV hutumia mnyororo badala ya mkanda, lakini nyingi zina kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Kichujio hicho huziba gari likizoea safari fupi za mjini. Mnunuzi aulize kama kingalipo, kwa kuwa baadhi ya mafundi hukikata.

Baada ya injini, mnunuzi ainame chini ya gari. Fremu ndiyo uti wa mgongo wa magari haya. Alama za kuchomelewa, mikunjo na rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ni dalili za ajali au za mateso ya barabara za changarawe. Gari lililoishi karibu na bahari likaguliwe kutu kwa nyundo ndogo.

Huko huko chini, ahakikishe shafti ya mbele ingalipo. Wapo wanaoiondoa ili kunyamazisha kelele za difu mbovu, na gari likaendelea kwenda kwa magurudumu mawili pasipo mnunuzi kung'amua. Oili ya difu ikiwa ya rangi ya maziwa, gari limevuka mito na maji yakaingia.

Mfumo wa magurudumu manne ujaribiwe kwenye udongo au changarawe, gia ya nguvu ikiwemo. Magari mengine huharibika mfumo huo ukifungwa kwenye lami kavu. Matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja.

Safari ya majaribio iwe ya nusu saa na iwe na mlima, huku macho yakiwa kwenye mita ya joto. Injini inayotulia mjini huweza kuchemka katika mteremko wa Mai Mahiu gari linapoupanda.

Stakabadhi nazo zisipuuzwe. Nambari iliyochongwa kwenye fremu ilingane na ile ya hati ya umiliki, na jina la mwenye gari lithibitishwe katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Isitoshe, kuna sajili ya mali iliyowekwa dhamana, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2017, ambapo mnunuzi anaweza kujua kama gari linadaiwa na benki.

Kuhusu mita ya mwendo, cheti kinachotolewa Japan gari likisafirishwa nje huonyesha kilomita zilizorekodiwa. Magari yaliyotoka Uingereza yanaweza kufuatiliwa bila malipo mtandaoni kwa nambari yao ya usajili wa huko, kwa kuwa hukaguliwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitatu. Kanyagio lililolika hadi chuma haliwi la gari la kilomita 60,000.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Ada ya fundi asiyejuana na muuzaji ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya gari, na muuzaji mwaminifu hawezi kuukataa ukaguzi huo. Anayekataa kwa madai kwamba wateja wengine watatu wako njiani, na aachiwe wateja wake hao watatu.