Mwezi Mpevu na Shanta la Msafiri
Sherehe ya mwezi mpevu katika ufuo wa Haad Rin, kisiwani Ko Pha-ngan nchini Thailand, ilianza miaka ya 1980. Msafiri abebaye shanta huenda akadhani kwamba kuhesabu siku za mwezi kunatosha. La hasha! Sikukuu za Kibudha za Makha Bucha, Visakha Bucha na Asalha Bucha nazo huangukia mwezi mpevu. Hapo ngoma hupisha ibada, ikasogezwa siku moja au mbili. Tena kisiwa hakina uwanja wa ndege. Hufikiwa kwa feri kutoka Surat Thani au Ko Samui. Aliyelipia malazi na nauli bila kuchunguza kalenda ya wenyeji huweza kuikosa sherehe yenyewe. Kuuliza si ujinga.