Garissa: Jua Lake, Vivuli Vyake na Njia za Mtoni

Mtumishi wa Serikali akipokea barua ya uhamisho kwenda Garissa, jamaa zake humpa pole kana kwamba amefiwa. Huambiwa ya kuwa huko ni jua tupu na vumbi, na ya kuwa hakuna mahali pa mtu kujiburudisha nje ya nyumba. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Yafaa mtu aujue mji kabla ya kuuogopa.

Garissa iko kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Tana, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi, kusini kidogo ya mstari wa Ikweta. Nairobi imeinuka mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari; Garissa ni mita 150 hivi tu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya joto lake, maana kadiri mtu ashukavyo kutoka milimani, ndivyo hewa izidivyo kuwa ya moto. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 350 hivi, nayo katika miaka mingine haifiki hata hapo. Hata hivyo mji umekua: hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha wakazi zaidi ya 160,000.

MAJIRA MANNE

Wenyeji, ambao wengi wao ni Wasomali, huugawa mwaka katika majira manne. Gu ni mvua za Aprili na Mei, wakati malisho yanapochipua na maziwa kuwa mengi. Hagaa huanza Juni hadi Septemba, nayo ni majira ya upepo, na usiku mtu huweza kujifunika shuka. Deyr ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Baada ya hapo huja Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, ambapo joto la mchana hufika digrii 37 za sentigredi. Mgeni aliyefika Julai na mgeni aliyefika Februari wakikutana, hawatasimulia mji mmoja.

Siri ya kukaa vizuri Garissa ni kuzifuata saa za jua. Watu huamka kwa sala ya alfajiri, na kazi nzito za mikono hufanywa kabla ya saa nne. Baada ya adhuhuri njia huwa tupu, na mwenye busara hukaa kivulini na kunywa maji mengi. Saa kumi jioni mji huzaliwa tena. Vijana huenda kucheza mpira, maduka huchangamka, na wazee hutandika mikeka nje na kunywa chai ya maziwa ya ngamia hadi usiku. Ni wazi basi kwamba watu wa Garissa hupumzika nje kuliko watu wengi wa miji ya baridi. Tofauti ni saa tu.

Kivuli nacho ni mali. Mwarobaini hustahimili ukame vizuri, na nyumba iliyo na miti miwili ya namna hiyo mlangoni hupata sebule bila gharama ya bati. Kwa bahati mbaya, bati hilo hilo ndilo linalogeuza nyumba nyingi kuwa tanuri wakati wa mchana.

MTO NA WANYAMA

Starehe kubwa ya mji ni mto wenyewe. Kandokando yake kuna mashamba ya migomba, miembe na matikiti, ambayo mengi hupata maji kwa mashine za kuvuta maji. Kiasi cha kilomita tano kusini ya mji ipo hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, inayotunzwa na wenyeji, ambako mtu huweza kutembea jioni na kuwaona twiga wakila majani ya migunga. Lakini asidanganyike akaoga mtoni, kwa kuwa mamba na viboko wamo.

Tena mto huo una desturi ya kufurika pasipo hata tone la mvua kuanguka Garissa. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, yakijaa pomoni, maji humwagika kuja chini. Ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili 2024, ambapo barabara ya kwenda Nairobi ilikatika upande wa Madogo, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria ikapinduka na kuua watu. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Anayejenga ndani ya mkondo amejenga katika nyumba ya mwingine.

Haifai pia kuusifu mji na kuficha msiba wake. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia katika Chuo Kikuu na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Watu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, nacho kinaendelea na kazi. Hadi leo msafiri hana budi kuuliza habari za usalama kabla ya kwenda nje ya mji.

MALKA ZISIZIBWE

Liko jambo moja linalotaka uangalifu. Tangu zamani wafugaji wameacha njia maalumu za kuteremka mtoni, ziitwazo malka, ili ng'ombe, ngamia na mbuzi wapate kunywa. Wanyama wa porini nao hushuka mtoni kunywa. Siku hizi baadhi ya njia hizo zimezibwa na ua za mashamba, na nyingine na mti wa mathenge, ulioletwa nchini ili kuzuia jangwa, nao ukaenea pasipo mwaliko. Malka ikizibwa, mfugaji hupita shambani kwa nguvu, mkulima hukasirika, na ugomvi huanza. Twiga naye hana wa kumsemea.

Mkulima asinyimwe shamba, maana mboga na matunda yake ndiyo chakula cha mji. Bali wazee wa pande zote mbili na maofisa wa Kaunti wakae pamoja, wakubaliane mipaka ya kila malka, na mathenge ung'olewe hapo kabla haujawa msitu. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko kuzika watu baada ya ugomvi.

Basi aliyepokea barua ya uhamisho asishike tama. Achukue kofia, mtungi wa maji na miche ya mwarobaini, akaishi kwa saa za mji. Garissa humlea aliye mvumilivu, maadamu njia ya mtoni i wazi kwa wote.